Kufungua mabano: kipande kinachosahaulika na alama inayogeuka

Bustani ina upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Mwenyewe anataka njia ya zege iizunguke pande zote nne, upana wa njia ukiwa mita x. Eneo la zege ni kiasi gani? Jibu linalokuja haraka ni kuchukua mzingo wa bustani, 20 + 30 + 20 + 30 = mita 100, kuuzidisha kwa upana wa njia na kuandika 100x. Njia ikiwa ya mita 1.5, hesabu hiyo inadai mita za mraba 150. Fundi akinunua vifaa kwa kipimo hicho, zege litapelea kwa mita za mraba 9, kwa sababu eneo halisi ni 159.

Hizo 9 ziko kwenye pembe. Mzingo unahesabu zile sehemu za njia zinazopakana na kingo za bustani tu. Kwenye kila kona kuna mraba wa x kwa x uliokaa nje ya kingo zote mbili, na kona ziko nne, kwa hiyo kilichosahaulika ni 4x². Anayeandika kwa aljebra hawezi kuzikosa. Bustani pamoja na njia yake ina upana wa 20 + 2x na urefu wa 30 + 2x (njia iko huku na huku, ndiyo maana x inaongezwa mara mbili), na eneo la zege ni eneo lote kutoa la bustani:

(20 + 2x)(30 + 2x) − 600
= 600 + 40x + 60x + 4x² − 600
= 4x² + 100x

Shuleni kufungua mabano hufundishwa mara nyingi kama mchezo wa herufi. Msingi wake ni huu hapa: eneo la mstatili uliokatwa vipande. Ukilishika hilo, makosa mengi yanayojaa kwenye madaftari ya kidato cha kwanza na cha pili yanabaki ya aina mbili tu. Ama kuna kipande kilichoachwa, ama kuna alama ya kutoa iliyopewa mmoja wakati ilikuwa ya wote.

Mabano ambayo ndani yake hakuna la kukokotoa

Mwanafunzi wa Tanzania anatoka shule ya msingi na MAGAZIJUTO kichwani: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mwenzake wa Kenya ana BODMAS, na mpangilio ni uleule. Kwa 4 × (7 + 2) kanuni hiyo inatosha: anaanza ndani, anapata 9, anazidisha, anapata 36. Akikutana na 4(x + 2), kanuni inamwambia aanze ndani ya mabano, na ndani hakuna la kufanya. x na 2 havijumlishiki mpaka x ijulikane. Hapo wengine huandika 4(2x) na kuendelea hadi 8x, ili tu mabano yaonekane yameshughulikiwa. Na kwa wengi wanaotoka shule za msingi za serikali Tanzania, hiyo ni hatua ileile ambapo somo linahama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, basi wanapambana na mawili kwa wakati mmoja.

Kinachotukwamua ni kwamba 4 × (7 + 2) inaweza kufanywa kwa njia nyingine bila kungoja jumla ya ndani: 4 × 7 + 4 × 2, yaani 28 + 8, ambayo bado ni 36. Kizidishi kilichosimama nje kinazidisha kila kilichomo ndani, kimoja baada ya kingine. Njia hii haihitaji kujua x, kwa hiyo 4(x + 2) = 4x + 8. Kosa la kuandika 4x + 2 ni kukizidisha cha kwanza na kukisahau cha pili. Kwa namba lingekuwa 28 + 2 = 30, na hakuna ambaye angelikubali.

Sasa alama ya kutoa. Una shilingi 5,000, umenunua kitu cha 1,000 chenye punguzo la 300. Unabaki na 5,000 − (1,000 − 300) = 4,300. Ukitaka kuondoa mabano, utaanza kwa kutoa 1,000 nzima, ubaki na 4,000. Lakini hapo umetoa zaidi ya ulichopaswa, 300 zaidi, na inabidi zirudi: 5,000 − 1,000 + 300. Hiyo ndiyo sababu ya alama ya ndani kugeuka pale mabano yanapotanguliwa na alama ya kutoa. Kanuni ya "hasi mara hasi ni chanya" inasema jambo hilohilo kwa kifupi, ila mwanafunzi aliyeikariri bila kuelewa huitumia hata mahali isipohusika, akaona −3 − 4 na kuandika 7.

Chukua 5 − 2(x − 3). Kuna njia mbili maarufu za kuiharibu. Ya kwanza ni kufanya 5 − 2 kwanza na kupata 3(x − 3). Hapa aliyekosea hakuona kwamba kati ya 2 na mabano kuna alama ya kuzidisha isiyoandikwa, na kuzidisha kunatangulia kutoa. Ya pili ni kuandika 5 − 2x − 6: alama ya kutoa imefika kwa x lakini haikufika kwa 3. Usahihi ni kuichukua −2 nzima, alama na namba pamoja, na kuizidisha na kila cha ndani:

−2 × x = −2x
−2 × −3 = +6

Kwa hiyo 5 − 2x + 6 = 11 − 2x. Anayesoma mtajo wa aljebra vizuri huisoma alama kama sehemu ya namba inayoifuata. Katika x² − 7x + 12 vipande ni x², −7x na +12. Alama ya kutoa haiko katikati ya vipande kama ukuta, ni mali ya 7x na huhama nayo popote inapokwenda.

Na pale penye alama ya kutoa bila namba, kama −(x² − 4x + 4), kuna 1 isiyoandikwa. Ni −1 inayozidisha vyote vitatu: −x² + 4x − 4. Hapa ndipo maksi nyingi za mtihani hupotea, na tutaparudia.

Mabano mawili yakikutana

Kwa (2x − 3)(x + 5) wazo ni lilelile, mara mbili. Kila kipande cha mabano ya kwanza kizidishwe na kila kipande cha mabano ya pili. Vipande viwili na viwili vinatoa mazao manne. Kama ni viwili na vitatu, mazao ni sita. Kuhesabu mazao kabla ya kuanza kukusanya ni kinga rahisi kuliko zote: ukiwa na matatu badala ya manne, rudi, hata kama mstari unapendeza.

Walimu wengi huchora mishale ya upinde juu ya mabano. Inafaa, ila mabano yakiwa na alama za kutoa, mishale huficha alama. Jedwali ni salama zaidi, kwa sababu alama hukaa na namba yake pembeni:

| | x | +5 |
|---|---|---|
| 2x | 2x² | +10x |
| −3 | −3x | −15 |

Jumlisha yaliyo ndani ya visanduku: 2x² + 10x − 3x − 15 = 2x² + 7x − 15. Jedwali hili ni mstatili uleule wa bustani, ila sasa baadhi ya pande zina alama ya hasi. Huwezi kuchora urefu wa hasi 3 kwenye ardhi, lakini mpangilio wa kuzidisha haubadiliki.

Kitu ambacho hakisemwi vya kutosha darasani ni kwamba mwanafunzi amekuwa akifungua mabano tangu alipojifunza kuzidisha namba za tarakimu mbili. 23 × 14 ni (20 + 3)(10 + 4) = 200 + 80 + 30 + 12 = 322. Akizidisha kwa kupanga wima, mistari yake miwili, 92 na 230, ni mazao hayohayo manne yaliyojumlishwa mawili mawili: 80 + 12, na 200 + 30. Vilevile (x + 3)(x + 4) = x² + 7x + 12, ukiweka 10 mahali pa x, inakuwa 13 × 14 = 100 + 70 + 12 = 182. Aljebra hapa ni hesabu ya kawaida ambayo namba moja imefichwa jina.

Kipeo cha pili cha mabano

Kosa linalojulikana kuliko yote ni (x + 3)² = x² + 9. Linaishi muda mrefu kwa sababu linafanana na ukweli: (3x)² ni kweli 9x², kipeo kinaingia kwa kila kimoja. Tofauti ni kwamba ndani ya (3x)² kuna kuzidisha, na ndani ya (x + 3)² kuna kujumlisha. Kipeo hupita kwenye kuzidisha, kwenye kujumlisha hakipiti.

Chora mraba wenye upande wa x + 3. Ukate kwa mistari miwili pale x inapoishia. Unapata mraba mkubwa wa x kwa x, mraba mdogo wa 3 kwa 3, na mistatili miwili ya x kwa 3. Anayeandika x² + 9 ameitupa hiyo mistatili miwili. Jibu ni x² + 3x + 3x + 9 = x² + 6x + 9. Dawa ya kudumu ni kuandika mabano mara mbili, (x + 3)(x + 3), kila mara, mpaka mkono uzoee. Hatua hiyo inachukua sekunde chache, na hakuna mtahini anayeipunguzia maksi.

Mchoro huohuo unaeleza kwa nini (x − 2)² inaishia na +4 na si −4. Kwenye mraba wa upande x, kata ukanda wa upana 2 upande wa kulia, eneo 2x, kisha mwingine juu, eneo 2x pia. Kona ya 2 kwa 2 imo katika kanda zote mbili, kwa hiyo umeitoa mara mbili na inapaswa kutolewa mara moja. Unairudisha mara moja: x² − 2x − 2x + 4. Kwa namba, 98² = (100 − 2)² = 10,000 − 400 + 4 = 9,604, na hesabu hiyo inafanyika kichwani.

Mraba uliopungukiwa kona ni wa zamani sana. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, hakuwa na herufi wala alama kama zetu. Aliandika kwa maneno na kuthibitisha kwa michoro. Swali lake mashuhuri, kwa uandishi wa leo, ni x² + 10x = 39. Alichora mraba wa x, akaugawa ule ukanda wa 10x kuwa mistatili miwili ya x kwa 5, akaibandika kwenye pande mbili za mraba. Umbo linalotokea linakaribia kuwa mraba mkubwa wa upande x + 5, limepungukiwa kona ya 5 kwa 5. Akaijaza kona hiyo kwa 25, na kwa kuwa aliongeza 25 upande mmoja, akaongeza na upande wa pili: 39 + 25 = 64. Mraba wenye eneo 64 una upande 8, basi x + 5 = 8 na x ni 3. Sisi leo tunaongeza na jibu la pili, −13, ambalo yeye hakulihesabu kwa kuwa urefu haupungui sifuri. Katika mchoro wake mwingine wa swali hilohilo aliugawa ukanda mara nne, 2.5 kila upande, na kona zikawa nne za 6.25, jumla ileile 25. Kukamilisha mraba, ambako wanafunzi wengi hukariri kama "gawa kwa mbili, kisha weka kipeo", ni kujaza kona hizo tu.

Aina ya tatu ya mabano, baada ya (x + 3)² na (x − 2)², ni (x + 4)(x − 4). Mazao ni manne kama kawaida, x² − 4x + 4x − 16, lakini ya katikati yanauana na kubaki x² − 16. Ndiyo maana 103 × 97 ni 10,000 − 9 = 9,991. Anayezoea kuruka hatua aanze kuruka hapa, si kwenye (x + 4)².

Kukusanya vinavyofanana

x² na x havikusanyiki. Kwa lugha ya bustani, kimoja ni mraba wa x kwa x na kingine ni ukanda wa x kwa 1, na ukubwa wa mmoja ukilinganishwa na mwingine hutegemea x yenyewe. 3x² + 2x inabaki 3x² + 2x. Anayeandika 5x³ amejumlisha namba za mbele na pia amejumlisha vipeo, na vipeo hujumlishwa pale tu tunapozidisha: 3x² × 2x = 6x³. Nusu ya vurugu za kidato cha kwanza ni kuchanganya x + x, ambayo ni 2x, na x × x, ambayo ni x².

Kuna mtego mwingine hapa, na MAGAZIJUTO yenyewe inahusika. Kwa kuwa "JU" imetangulia "TO", wapo wanaoamini kwamba kujumlisha lazima kufanywe kabla ya kutoa. Kwa x² − 3x + 2x wanajumlisha kwanza 3x + 2x, wanapata 5x, kisha wanatoa: x² − 5x. Jibu sahihi ni x² − x. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Ni hivyohivyo kwa kugawanya na kuzidisha: 12 ÷ 2 × 3 ni 18, si 2. (BODMAS ina kasoro ileile.) Ukiisoma alama kama mali ya kipande kinachofuata, mtego unaisha wenyewe: una −3x na una +2x, deni la tatu na akiba ya mbili, unabaki na −x.

Tuyaweke yote pamoja. Rahisisha (2x − 3)(x + 5) − (x − 2)².

Mabano ya kwanza tumeshayafungua: 2x² + 7x − 15. Kipeo cha pili kinatoa x² − 4x + 4. Sasa alama ya kutoa iliyoko katikati ni ya hivi vitatu vyote, kwa hiyo hatua inayofuata iandikwe na mabano, hata kama inaonekana ni kujirudia:

2x² + 7x − 15 − (x² − 4x + 4)
= 2x² + 7x − 15 − x² + 4x − 4
= x² + 11x − 19

Anayeruka mstari wa mabano huandika 2x² + 7x − 15 − x² − 4x + 4 na kupata x² + 3x − 11. Kuzidisha kwake kote ni sahihi. Aliyemwangusha ni yale mabano aliyoyafungua mapema na kuyatupa kabla alama ya kutoa haijafanya kazi yake.

Jibu linaweza kujipima lenyewe

Mtajo uliorahisishwa lazima utoe thamani ileile na wa mwanzo kwa kila x. Basi chagua namba, iweke pande zote mbili, ulinganishe. Kwa x = 10, mtajo wa mwanzo ni 17 × 15 − 8² = 255 − 64 = 191. Jibu letu linatoa 100 + 110 − 19 = 191. Lile lenye kosa linatoa 100 + 30 − 11 = 119, na kosa limejitangaza bila kumsubiri mwalimu.

Uchaguzi wa namba una maana yake. Sifuri inapima kipande kisicho na x tu: (x + 3)² na x² + 9 zote hutoa 9 ukiweka sifuri. Moja haitofautishi x na x² na x³, kwa sababu zote zinakuwa 1. Kwa hiyo 3x² + 2x na 5x³ zote ni 5, na kosa linapita. Mbili nayo ina hila, kwa sababu 2 + 2 na 2 × 2 ni 4, na aliyeandika x² badala ya 2x hatagundulika. Tatu inafaa, na 10 inafaa zaidi kwa anayefanya bila kikokotoo, maana kuzidisha kwa 10 hakuchoshi.

Namba moja ikikubali, jibu linaelekea kuwa sahihi, lakini haijathibitika. Kwa mitajo ya kipeo cha pili, ambayo vitabu huiita pia ya kwadratiki, namba tatu tofauti zikikubali imethibitika kabisa. Ukitoa mtajo mmoja kwenye mwingine, tofauti yao ni mtajo wa kipeo cha pili au chini yake, na mtajo wa namna hiyo hauwezi kuwa sifuri kwa zaidi ya x mbili isipokuwa ni sifuri yenyewe.

Ukiweka namba hasi, iweke ndani ya mabano. Kwa x = −3, x² − 4x + 4 inaandikwa (−3)² − 4(−3) + 4 = 9 + 12 + 4 = 25. Bila mabano watu huandika −3² na kupata −9. Vikokotoo vingi vya kisayansi navyo vitakupa −9 ukibonyeza −3² hivyohivyo, kwa sababu vinaweka kipeo kwenye 3 kwanza na alama baadaye. Kikokotoo hakijakosea. Kimefanya kilichoandikwa.

Namba iliyosimama mbele, na mambo mengine ya kupoteza maksi

2(x + 1)(x − 3) ina vitu vitatu vinavyozidishana, na 2 huingia mara moja tu. Fungua mabano mawili kwanza, x² − 2x − 3, kisha zidisha: 2x² − 4x − 6. Anayeiingiza 2 kwenye mabano yote mawili anapata (2x + 2)(2x − 6) = 4x² − 8x − 12, mara mbili ya jibu. Kwenye 3(x + 2)² madhara ni makubwa zaidi: kuiandika (3x + 6)² kunaifanya 3 ipigwe kipeo, na jibu linakuwa mara tatu ya linalotakiwa. Kipeo kinatangulia kuzidisha: 3(x² + 4x + 4) = 3x² + 12x + 12.

Lingine ni la sehemu. Ukiambiwa urahisishe x²/2 + x/3, usizidishe kwa 6 ili kuondoa asili. Jibu la 3x² + 2x ni mara sita ya ulichopewa. Kuzidisha pande zote kunaruhusiwa kwenye mlinganyo, penye alama ya sawasawa na pande mbili za kuzidisha. Hapa kuna upande mmoja. Unaloweza kufanya ni kutafuta asili ya pamoja: (3x² + 2x)/6. Kwa sababu hiyohiyo, neno "rahisisha" kwenye swali halikupi ruhusa ya kuongeza "= 0" mwishoni na kutafuta x. Wanaofanya hivyo mara nyingi wamefika jibu salama, kisha wakaliendeleza mpaka likawa jibu la swali jingine.

Kukata nako kuna sharti. (x² + 6x)/x ni x + 6, mradi x si sifuri, kwa sababu x ni kigawo cha kiasi chote: x(x + 6). (x² + 6)/x haikatiki hivyo, maana 6 haina x ndani yake. Kinachokatwa ni kigawo cha kiasi kizima. Kipande kimojawapo cha jumla hakikatwi.

Kurudi ndani ya mabano

Aliyefungua mabano ataombwa pia ayafunge. Kwa 6x² − 11x + 4, zidisha namba ya mwanzo na ya mwisho, 6 × 4 = 24, kisha tafuta namba mbili zinazozidishana kuwa 24 na kujumlika kuwa −11. Zao ni chanya na jumla ni hasi, basi zote ni hasi: −3 na −8. Igawanye −11x kwa namba hizo na uvipange vipande viwili viwili:

6x² − 3x − 8x + 4
= 3x(2x − 1) − 4(2x − 1)
= (3x − 4)(2x − 1)

Mahali pa hatari ni mstari wa kati. Ukitoa −4 nje, +4 ya mwisho inakuwa −1 ndani, kwa kuwa −4 × −1 = +4. Anayeandika −4(2x + 1) anaona mabano yake mawili hayafanani na kudhani njia imeshindikana. Mabano yasipofanana kwenye hatua hiyo, kagua alama kwanza kabla ya kutafuta jozi nyingine. Tena, kwa 2x² + 6x + x + 3, kundi la pili ni 1(x + 3), na hiyo 1 iandikwe. Isipoandikwa, jibu (2x + 1)(x + 3) hugeuka 2x(x + 3).

Si kila mtajo una vigawo vya namba kamili. Kwa x² + 5x + 7, jozi za 7 ni 1 na 7, au −1 na −7, na hakuna inayojumlika kuwa 5. Kabla ya kupoteza dakika kumi, kokotoa b² − 4ac, ambapo a ni namba ya mbele ya x², b ya mbele ya x, na c ni ile isiyo na x. Hapa ni 25 − 28 = −3, na ikiwa hasi hakuna vigawo hata miongoni mwa desimali. Ikitoka chanya isiyo kipeo kamili, kama 13 kwa x² + 5x + 3, vigawo vipo lakini vina vipeuo ndani yake. Ikitoka kipeo kamili, kama 121 − 96 = 25 kwa mtajo wetu wa 6x² − 11x + 4, endelea kutafuta: jozi ipo.